Kilima Tulichokipita Kila Mwaka

Baba Sifa,

Pikipiki ninayo mimi. Nakuambia hilo kwanza, ili usihangaike huko uliko.

Siku ya kuondoa matanga mdogo wako alikuja na ndugu zako wote kugawana vitu vya marehemu, kama desturi inavyotaka. Suruali zako wamechukua, redio wamechukua, hata ile suti yako ya abakosi uliyokuwa ukiivaa kwenye sherehe za chama tawala huku ukinung'unika kuwa kola inakunyonga. Sikukataa. Zamu ya pikipiki ilipofika, mdogo wako akanyoosha mkono kutaka ufunguo, akasema mbele ya watu: "Mwanamuke hana kazi na pikipiki. Alikuwa anabebwa tu."

Anabebwa tu. Mimi, Baba Sifa! Miaka yote ile niliyokaa nyuma yako, nani alikuwa akichagua mahali pa kulala? Ulisema wewe mwenyewe, na yeye akisikia: "Miye njo mikono, wewe njo macho." Nikiona mahali pazuri nakugonga mgongoni mara mbili, unasimama. Hukuwahi kuuliza kwa nini.

Ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kikwembe changu. Niliinuka mkekani na nguo zangu nyeusi, nikaiwasha pikipiki, nikazunguka nyumba taratibu, mashemeji na majirani wakinitazama, kisha nikairudisha pale pale na kuizima. Hawakujua kwamba ulinifundisha kuendesha, kule kwenye njia za Kibombo ambako hakuna wa kutucheka. Shangazi yako alicheka mpaka akashika ukuta. Mdogo wako akaushusha mkono. Mpaka leo hanisalimu vizuri, na mimi sijakosa usingizi.

Watu hawakutuelewa tangu mwanzo. Wenzako wa reli wakipata konje, likizo yao ya mwaka, wanakwenda kwa wakwe, au wanaezeka nyumba upya. Sisi tunafunga hema nililolishona kwa bashi, turubai la lori, na kwenda kulala nje kwa sababu tu mahali ni pazuri. Unamkumbuka yule mtu wa chama pale kizuizini, enzi zile kila mtu akiitwa sitwayen, raia, jinsi alivyozigeuzageuza karatasi zetu?

"Munaenda kufanya nini kule mu pori?"

"Kulala, sitwayen."

"Hamuna nyumba?"

"Nyumba iko. Lakini mu nyumba hatuone jua likienda."

Alitafuta kosa hakulipata. Hata wao hawakuwa wamefikiria kukataza jambo kama hilo. Ulicheka njia nzima.

Na tuligombana pia, usijifanye umesahau. Wewe ulitaka uzuri, mimi nilitaka pakavu. Mwaka ule kando ya Lualaba ulishusha mzigo huku ukiimba, maana majani yalikuwa mafupi na ardhi safi mpaka majini. Mama mmoja aliyekuwa akirudi na samaki wake akasimama kututazama. "Baba, hii fasi njo njia ya kiboko. Yeye njo anakata ile majani." Tulivyolikunja hema siku ile, hata chumvi tuliiacha. Tangu hapo, kila ulipopapenda mahali nilikuuliza kwanza: nani anafagia hapa? Unanuna kidogo, halafu unainama kutafuta nyayo.

Lakini kwenye kilima kile cha njia ya Tunda, chenye michikichi mitatu juu, hatukuwahi kulala. Kila mwaka tulikifikia jua likiwa kichwani, na wewe hukutaka kushusha mzigo kabla jua halijapoa. Ulikiangalia, ukakipita, ukasema: "Tutalala hapa mwaka yenye inakuya." Halafu homa ikaja na mvua, ikakumaliza kwa siku chache. Neno lile nimelikasirikia kuliko homa yenyewe. Nilikuwa nikiliona tamu. Sasa siwezi kulisikia.

Basi nimekwenda. Kiangazi hiki, wakati ambao ungekuwa wa konje yako, Sifa amenifungia mzigo nyuma na kunisukuma mpaka barabarani, akisema watoto wake watasimuliwa habari za bibi yao. Nililala Kibombo kwa dada yangu, nikachelewa kuondoka kwa makusudi, ili kilima nikikute jua limepoa. Ndivyo tulivyopaswa kufanya zamani, ni vile tu mimi sikuwaza na wewe ulikuwa na haraka.

Kilipotokea, mkono wangu ulitoka wenyewe kukugonga mgongoni. Haukugusa kitu. Nililia hapo hapo, injini ikiunguruma, sikufichi. Kisha nikashika breki mwenyewe.

Kwa mkubwa wa kijiji kilicho chini nilipeleka chumvi na sabuni, kama tulivyozoea. Akauliza mume yuko wapi. Nikamwambia amekufa, nami nimekuja kulala kwenye kilima chake. "Kilima njo yangu miye," akasema. "Lakini panda tu, mama."

Nilipanda. Nikauliza kwa sauti, peke yangu: nani anafagia hapa? Nikainama, nikaona nyayo za mbuzi, basi. Mlango wa hema niliuelekeza jua linakozama, ulikokuwa ukitaka wewe, ijapokuwa upepo ulitoka huko huko na nilikuambia kila mwaka kwamba ndivyo utakavyokuwa. Upande mmoja msitu, mweusi kabisa. Upande mwingine majani, na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Na chini yangu barabara yetu, nyembamba. Mtu wa baiskeli alikuwa akipita na vidumu vyake vya mawese, hakuinua kichwa. Nikasema, kumbe hivi ndivyo tulivyokuwa tukipita.

Pazuri, Baba Sifa. Pazuri kuliko ulivyokuwa ukidhani.

Sasa wanasema mjane huyu amepagawa. Waseme. Kiangazi kijacho, nikiwa na afya, navuka mto na kushika njia ya Kama, ambako uliniambia kuna mabonde hatujayaona. Na nakuahidi hili: kilima kikinipendeza nalala hapo siku hiyo hiyo, hata jua likiwa kichwani.

Pumzika salama. Mikono sasa ni mimi. Wewe kaa nyuma, ushike vizuri, na ukiona mahali pazuri ambapo mimi sijapaona, nigonge mgongoni mara mbili. Nitasimama. Sitauliza kwa nini.

Mimi wako,
Mama Sifa, Kindu