Taa ya Onyo ya Kaka Athumani

Korogwe, Jumanne

Na bado naambiwa kosa ni langu.

Mwezi uliopita nilimweleza kaka Athumani kwamba gari lake la haibridi, lile la petroli na umeme, si bovu. Kompyuta ya gari inapunguza nguvu ya mota kwa sababu betri kubwa inachemka, na inachemka kwa sababu anarundika magunia ya mahindi kwenye tundu la hewa, pale pembeni mwa kiti cha nyuma. Akacheka. "Wewe fundi redio tu." Akaenda kwa fundi mwingine, akakatiwa waya wa taa ya onyo. Taa haikuwaka tena, kaka akaridhika.

Leo alimpakia Mama kutoka Magoma kumleta kliniki ya presha, magunia yakiwa humohumo. Kwenye kilima gari likazima. Mama, na magoti yale, akapanda kwa miguu juani.

Walinipigia simu, nikaenda kwa bodaboda. Tundu lilikuwa limejaa pumba. Nililisafisha, nikaunga ule waya, tukasubiri betri ipoe, gari likawaka. Kaka hakusema hata asante. Naogopa atarudi kwa yule fundi wake, na Mama atapanda tena gari lile mwezi ujao, halafu...

Jioni nilimsimulia Mama yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, ungemwambia kaka yako kwa adabu, angekusikia."

Adabu! Siku ile nilianza na shikamoo.