Dhahabu Ndani ya Shingo Yangu

Mpendwa Mama Jebet,

Tangu tukuzike sijakuandikia, na unajua kuandika ni wewe ulinifundisha, nikiwa tayari mtu mzima na ndevu. Leo nimeshika kalamu kwa sababu sina mwingine wa kuuliza.

Nina uvimbe shingoni. Ni kansa. Mimi, ambaye hapa kijijini Ziwa hakuna mtu amewahi kuniuzia ng'ombe mgonjwa, sikujua mpaka kola ya shati ikakataa kufunga.

Sasa madaktari huko Eldoret wanajaribu dawa mpya, wanataka niweke sahihi. Jebet wetu, si unajua anafundisha chuo kikuu huko Chepkoilel, akaja kunieleza. Ati watanitia kwa mshipa chembe za dhahabu, ndogo kushinda vumbi la unga. Zitajikusanya kwa uvimbe. Halafu wanamulika shingo, mwanga unapita ngozi bila kuichoma, dhahabu inashika moto, inapika uvimbe tu.

Nikamwuliza, "Na mkishamaliza, hiyo dhahabu ni ya nani?"

"Baba, hata tukikukamua mzima mzima, hatupati ya kutengeneza hereni moja."

"Wewe umeiona?"

"Haionekani kwa macho."

"Basi! Na mwanga ati upite nyama? Mimi si mtoto wa kudanganywa na peremende."

Akaniangalia vile wewe ulikuwa unaniangalia. Hapo ndio nikakumbuka mayai yako.

Ulikuwa unaingia stoo, unafunga mlango, unaweka yai juu ya tochi. "Hili liko na uhai," ukaniambia siku moja. Nikacheka. Nikasema tochi haiwezi kuona ndani ya yai, na mwenye kujua mifugo hapa ni mimi. Nikalipasua nikuonyeshe. Kifaranga akalala mkononi mwangu, moyo ukipiga, halafu ukaacha. Hukunigombeza. Ulichukua jembe ukaenda kumzika nyuma ya banda. Na mimi, kwa kiburi, sikusema hata pole.

Jana nilifunga mlango wa stoo, nikaweka ile tochi yako nyuma ya vidole. Vikawa vyekundu, mpaka ndani.

Bado siwaamini, wasije wakaanza kujidai. Nimewaambia Jebet asimame hapo mpaka wazime taa yao. Lakini sahihi nimeweka, jina lote, vile ulinifundisha. Mara ile nililazimisha kuona ndani kwa mkono wangu, nikaua; safari hii nauachia mwanga.

Pole kwa yule kifaranga, mama.

Kaa salama huko. Usinitandikie kitanda bado.

Mume wako mbishi,
Baba Jebet