Wimbo wa Tatu katika Kaseti

Msambweni, 14 Juni 1998

Mjukuu wangu Mwanasha,

Sisi hatujambo, mama yako ameshavuna muhogo. Waniuliza mbona siisikilizi tena kaseti uliyonitumia, ya yule mwanamke mwimbaji aliyerekodi nyimbo zetu za kale studio.

Wimbo wa tatu, babu yako aliuimba harusini Ukunda nikiwa kigoli. Wasichana wakampigia vigelegele, nami nikaingiwa na wivu. Nikamuuliza, "Wamwimbia nani?"

Akacheka. "Namwimbia anayeuliza."

Sasa mwanamke huyo anauimba vizuri kuliko marehemu, na Diani nzima yausikia. Najua wimbo hauna mwenyewe, lakini wivu ni uleule. Naogopa sauti yake isije ikaifunika ya babu yako, ambaye hakuacha kaseti.

Ukimwombea babu yako dua, nami unikumbuke.

Bibi yako