Chupa Iliyosuuzwa

Jumatatu, 6 Mei 1957

Nimefika nyumbani. Msambweni ni ile ile, na masika ni yale yale. Nilipiga hodi mlangoni, kisha nikasimama kungojea sauti ya Mama iitike kutoka jikoni. Mjinga mimi! Habari ya kufa kwake niliipata mwaka jana huko Bombei, nikiwa nimevaa koti la maabara. Ninajua. Hata hivyo nilingojea.

Aliyeitika ni Dama, dada yangu. Alinishika akalia, nami nikalia. Baba alitoka uani. Amekonda, kofia inamwelea kichwani. Nikamwamkia, akasema marahaba mwanangu, umekuwa mtu mzima. 

Mama mdogo Biasha, mke wa pili wa Baba, hayupo. Baba anasema amekwenda kwao Kikoneni kupumzika. Dama alitazama chini. Nilikuwa nimemletea Biasha kitambaa cha ushungi, nimekirudisha sandukuni.

Vitabu nimevipanga juu ya kasha la Mama. Nikirudi Bombei ninafanya mtihani wa mwaka wa pili wa ufamasia. Mama aliviita vitabu vyangu "mizigo isiyoliwa". Mwanangu, alikuwa akisema, mizigo yako isiyoliwa nimeifunika isirowe.

Jumatano, 8 Mei

Biasha hakwenda kupumzika. Amefukuzwa!

Dama ameniambia leo tukikuna nazi. Nilimwuliza Mama alikufaje, kwa sababu barua ya Baba ilisema tu "homa kidogo, kisha Mungu akamchukua". Dama akaacha kukuna. Haikuwa homa, alisema. Mama alikuwa na udhaifu na kukosa usingizi, akapewa dawa, akaanza kupata nafuu. Siku ile ya mwisho alikuwa amekaa kitandani, anamcheka Dama kwa ukili wake wa mkeka uliopinda. Mara shingo ikamkaza. Biasha akaja na bakuli la uji, akamgusa bega amwinue. Pale pale Mama akakakamaa! Mgongo ukapinda kama upinde, meno yakabana. Ikamwachia kidogo. Biasha akamgusa tena, ikarudi vile vile. Wanawake wote waliokuwamo chumbani waliona. Mkono wa mke mwenza!

Tangu siku hiyo ndugu za Mama wakasema ni Biasha. Baba hakumpa talaka, lakini hakumtetea pia. Akamwacha aende.

Biasha! Aliyekuwa akimsuka Mama nywele kila Alhamisi. Waligombana mara moja tu ninayoikumbuka, na ni juu ya kuku.

Nilimwambia Dama kwamba siamini. Akajibu, kaka, wewe hukuwapo.

Ni kweli. Sikuwapo.

Ijumaa, 10 Mei

Baada ya sala mjomba Boga alikuja. Ni kaka yake Mama, na kwetu neno la mjomba ni zito. Nilimwamkia, akanipapasa kichwa kama mtoto. Mpwa wangu daktari! Nikamwambia mimi si daktari mjomba, ninasomea kutengeneza dawa. Ni yale yale, akasema, nyote mnanuka spiriti. Tulicheka. Hata Baba alicheka.

Kisha mjomba akaacha kucheka. Alisema walikuwa wakinisubiri mimi tu, mtoto wa marehemu. Ijumaa ijayo, baada ya Alasiri, itasomwa hitima ya Mama hapa nyumbani. Na baada ya hitima — Halbadiri! Watasomwa mashujaa wote wa Badri kwa majina, na aliyemwua dada yake Mwanapili apatwe popote alipo.

Nikamtazama Baba, nikidhani atakataa. Baba akasema ni yeye aliyeitaka. Boga alitaka kwenda kwa mganga wa viapo, Baba akasema la, sisi ni Waislamu, tumwachie Mungu amtoe mwenyewe mwenye kosa. Akanigeukia: nawe utaitikia Amina, mwanangu. Amina ya mtoto haipotei.

Mvua ilikuwa kubwa, nikajifanya sikusikia.

Jumapili, 12 Mei

Niandike polepole.

Asubuhi nilikuwa nikidurusu mlango wa dawa zisizopatana. Ni somo ninalolipenda. Mwaka jana profesa wetu alituonyesha kwa macho: alichanganya dawa mbili katika gilasi, ya kutuliza ambayo ni bromaidi, na ya nguvu yenye striknini kidogo. Maji yakawa maangavu, hakuna kitu. Akaiweka gilasi dirishani. Kesho yake chini palikuwa na chembe nyembamba kama sindano, zinametameta. Ile striknini yote imeshuka! Mgonjwa asipotikisa chupa, profesa alisema, anakunywa maji siku zote, na kijiko cha mwisho kinakuwa sumu.

Swali hilo lilitoka kwenye mtihani. Nilipata alama nzuri.

Leo nilipofika kwenye dalili za striknini nilizisoma kwa sauti, kama nifanyavyo ili zishike. Shingo kukaza. Mgongo kupinda. Meno kubana. Akili timamu mpaka mwisho. Na hili: akiguswa, au mlango ukigongwa, hukakamaa upya.

Akiguswa!

Nikatoka mbio na kitabu mkononi. Dama alikuwa anafua. Nikamwuliza, mlango ukigongwa Mama alikuwaje? Akasema alikuwa anaruka kitandani! Mpaka Baba akaweka mtu mlangoni asimamie kimya. Nikamwuliza, alikuwa anatujua? Akasema alikuwa anamwita kila mtu kwa jina lake. Hata mimi niliyekuwa mbali aliniita. Aliuliza kama Bombei kuna mvua.

Nikaketi chini kwenye maji ya sabuni. Dama akadhani nimeugua.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemwuliza Baba juu ya dawa. Nilisema ninataka kujua kwa ajili ya masomo. Alifurahi kuulizwa. Hii ndiyo inayoniumiza.

Alieleza kila kitu, kama mtu anayesimulia safari ya Hijja. Alikwenda dispensari fulani ya mbali kwa sababu ilisifiwa. Daktari aliagiza dawa mbili, moja ya kutuliza apate usingizi na moja ya nguvu. Kama kawaida kila mtu huja na chupa yake, na Baba alikuwa na moja tu. Kompaunda, yule mchanganyaji dawa, akamwuliza chupa ya pili iko wapi, mzee? Hana. Akamhurumia, mvua inanyesha na njia ni ndefu. Akazitia zote mbili mle mle. Mtu mwema sana yule kijana, Baba alisema. Amekwisha kuhama.

Nikamwuliza kama alikuwa anaitikisa. Baba akashangaa. Nitikise dawa kama mtu anayechagua nazi sokoni? Alikuwa anaiweka rafuni pamoja na Msahafu, pale pale anapoweka kombe, maandishi ya Kurani ya zafarani yakishaoshwa kwa marashi. Alikuwa akiichukua kwa mikono miwili. Alimimina taratibu bila kuisumbua. Kwenye chupa palikuwa na karatasi, maandishi ya Kizungu. Baba anasoma herufi za Kiarabu tu. Mimi ningemsomea. Mimi nilikuwa Bombei.

Na ya mwisho? nikamwuliza.

Ya mwisho, akasema, siku ile ile aliyokufa, nilifanya kama kombe. Haimwagwi chini, haibaki kitu. Nilitia maji, nikaisuuza chupa vizuri sana, nikampa yote akanywa. Alikunja uso, akasema leo chungu mno. Nikampa kipande cha sukari guru.

Akaenda rafuni akaileta. Chupa yenyewe! Ya kijani, shingo fupi. Sasa anatilia marashi ya kuwanyunyizia wageni. Ameiweka kwa sababu mkono wa Mama uliishika.

Niliishika nami. Safi kabisa. Haina chembe hata moja.

Jumatano, 15 Mei

Nimetoka Kikoneni. Lori la kwenda Ramisi lilinifikisha nusu ya njia, iliyobaki nilikwenda kwa miguu, matope mpaka magotini.

Biasha alikuwa anapalilia mahindi. Aliponiona aliangusha jembe. Nikamwambia shikamoo mama. Alijifuta mikono kwenye leso kwanza. Marahaba mwanangu. Ni wewe wa kwanza kutoka kule.

Nilimpa kitambaa. Alikinusa, akasema kinanuka meli.

Amekwisha kusikia juu ya Halbadiri. Atakuja! Nilimsihi asije, watu watamsema. Akasema wamekwisha kumsema, maneno yameisha. Mimi nilimgusa dada yangu nimnyweshe uji, alisema. Kama uji unaua, na nife. Kisha akaniuliza, kwa upole tu: wewe unasoma dawa, mwanangu. Mwenzangu alikuwa na maradhi gani?

Neno lilinifika ulimini. Nikimwambia, amepona yeye na Baba amekwisha. Ndugu za Mama watasema Chande alimnywesha mkewe sumu kwa mkono wake. Na Baba mwenyewe, atalalaje? Atakulaje?

Nilimwambia bado ninasoma, mama. Nikaona amenielewa kwamba ninaficha. Hakuniuliza tena. Akanifungia mihogo ya kwenda nayo.

Alhamisi, 16 Mei

Nimemwambia.

Nilimkuta Baba anasuka kamba kibarazani. Niliandaa maneno mengi — kwamba hakujua, kwamba kompaunda alikosa kwanza, kwamba hata wasomi hukosea. Yote yalinipotea. Nilisema tu: Baba, mama mdogo hakufanya kitu. Ilikuwa dawa. Ilishuka chini ya chupa.

Hakuelewa. Nikachukua gilasi mbili. Sina striknini hapa, nilikoroga unga katika maji nikauacha utulie. Akatazama. Unga ukashuka wote, maji juu yakabaki maangavu. Nikamimina yale ya juu polepole kama alivyokuwa akimimina yeye. Kisha nikatia maji kidogo, nikasuuza.

Hapo alielewa. Niliona alipoelewa. Mkono wake ulikwenda shingoni kwake, ukabaki pale.

Kamba ilianguka, hakuiokota. Kisha akauliza: alisema ni chungu mno, na mimi nikamwambia ameza. Nilimwambia ameza, sivyo?

Nikasema Baba, ni bahati mbaya, Mungu anajua nia. Nikasema tumwambie mjomba asisome Halbadiri, tutafute sababu, mimi nitasema ninaumwa. Nikarudia. Akainuka akaenda msikitini, na Magharibi bado.

Dama ananiuliza nimemfanya nini Baba. Ninamjibu nini?

Ijumaa, 17 Mei

Wamekuja wengi. Turubai limefungwa uani, mvua inapiga juu yake. Hitima imekwisha. Mjomba Boga ameketi mbele na mwalimu wa kusoma. Baba tangu jana hajaniambia neno zaidi ya habari za asubuhi.

Biasha amefika! Amevaa kitambaa nilichompa. Amesimama upande wa wanawake, na hakuna aliyesogea ampishe. Mmoja alisema kwa sauti, wengine wana macho makavu kama wauza samaki. Biasha akamjibu shikamoo bibi.

Mimi nimekimbilia chumbani. Nimekaa juu ya kasha la Mama, ninaandika, kwa sababu siwezi kuitikia Amina ile na siwezi kutoka.

Baba ameingia sasa hivi. Kanzu nyeupe, kofia mpya. Amekuja kuchukua chupa ya marashi. Nikamshika mkono. Baba, waambie waache! Akasema waache kwa nini? Boga anataka mwenye kosa ajulikane. Nikamwambia wewe huna kosa. Akanitazama kwa huruma, kama ni mimi peke yangu niliyefiwa na yeye amekuja kuhani. Akaiinua chupa, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona Baba anaitikisa. Mara mbili, tatu. Marashi yakatoa povu.

Akasema, chukua kiti umpelekee mama yako mdogo. Amesimama sana.

Akatoka.

Mwalimu amemaliza Fatiha. Wameanza majina. Kila jina watu wanaitikia, na sauti ya Baba inasikika kuliko zote. Sasa wameacha. Si mwisho, majina bado ni mengi. Ni Baba anayesema, peke yake, nami simsikii kwa mvua. Ninamsikia mjomba tu. Shemeji! Shemeji Chande, unasema nini wewe? Rudia!

Kiti kiko hapa karibu yangu. Ninakichukua