Mishiko Mitatu ya Shangazi

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naapa kukueleza yote katika barua hii, hata yale ambayo Mama amesema nisikusumbue nayo. Natumaini mgongo umepungua kuuma na joto la chumba cha pasi hapo kazini kwako hospitali linavumilika. Sisi hatujambo.

Daftari uliloniandikia limeibiwa. Ni lile la nyimbo rahisi za gitaa, za mishiko miwili ya nyuzi mwanzoni na za mishiko mitatu nyuma, pamoja na michoro inayoonyesha kila kidole kikae kwenye uzi gani. Mwizi nakaa naye dawati moja. Ni kiranja wa darasa. Nilimwazima kwa siku moja tu anakili wimbo mmoja. Akang'oa jalada lenye jina langu, akampelekea mwalimu wa muziki, akasema ni kazi yake. Sasa ndiye atakayewapigia gitaa watoto wa darasa la kwanza siku ya wazazi. Tena wimbo wenyewe ni ule uliotunga wewe, wa kuku aliyepotea njia.

Nilimwambia mwalimu. Yeye hufundisha kuimba tu, gitaa hajui. Akasema, "Binti, kwaya haina nafasi ya wivu." Nje Kiranja akaniambia, "Pole, mwenzangu. Ungeandika jina kila ukurasa."

Sijawahi kumtakia mtu mabaya. Huyu namtakia asubuhi na jioni, tena kwa bidii. Nifanyeje?

Mtoto wa kaka yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena mara kumi. Mgongo upo, nami nipo, tunavumiliana. Barua yako niliisoma pasi ikiwa mkononi, nikaunguza shuka. Msimamizi amenifokea mbele ya watu. Hilo nalo ni deni la kiranja wako.

Halafu nikacheka peke yangu. Kuna kitu umesahau. Mimi na wewe tunapiga kwa mkono wa kushoto. Nyuzi za gitaa nililokuachia nilizifunga kinyume, uzi mnene pale ambapo wenzetu huweka mwembamba, na michoro yote niliichora kwa gitaa hilo. Mtu wa mkono wa kulia akiifuata kwenye gitaa la kawaida, kila mshiko utalia kama sinia lililoanguka.

Ana gitaa la kujifunzia? Kama hana, nyamaza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nami niliwahi kunyang'anywa wimbo, na aliyeninyang'anya anapigiwa makofi hadi leo. Safari hii hapana.

Shangazi yako

19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa shuka. Huku wote wazima, isipokuwa Baba ana mafua na anataka tuyaheshimu.

Hana gitaa! La shule limefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, na hutolewa siku yenyewe tu. Kiranja anajifunzia kwenye kipande cha ubao alichokichorea mistari sita. Kila mapumziko vidole vyake vinatembea juu ya ubao huku akiimba polepole, nami nakaa pembeni namtazama kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

Jana aliniuliza, "Hebu niangalie. Mshiko wa pili ni hivi?"

Vidole vilifuata mchoro sawasawa, maana yake vilikosea vyote. Nikamwambia, "Hivyo hivyo. Bonyeza kwa nguvu zaidi."

Akasema, "Ahsante. Nilidhani umeninunia."

Nimefurahi mpaka hesabu zimenishinda. Siku ya wazazi ni Jumamosi, tarehe 28.

Mtoto wa kaka yako

25 Machi

Mwanangu,

Leo nisamehe salamu, posta inakaribia kufungwa. Kunyamaza nilikutuma mimi, na lawama yake ni yangu. Kusema "hivyo hivyo" hukutumwa na mtu. Tena hasira ilinisahaulisha jambo moja: wale watoto wa darasa la kwanza hawakuiba kitu.

Mwambie kabla ya Jumamosi. Chuki yako baki nayo, sikunyang'anyi. Ila mwambie.

Shangazi yako

31 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua yako ilifika jana, Jumatatu, siku ya wazazi imeshapita.

Jumamosi Kiranja alikaa katikati ya jukwaa na soksi mpya. Akapiga mshiko wa kwanza. Baba mmoja nyuma akasema, "Gitaa linaumwa hilo, lipelekeni zahanati!" Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka kuwashinda wote. Kiranja akajaribu tena, akabonyeza kwa nguvu zaidi, kama nilivyomfundisha. Watoto walikuwa wamefungua midomo wakitafuta pa kuanzia. Yule mdogo wa mbele, mwenye pengo, akaanza peke yake, akaishia katikati, akajikojolea jukwaani. Hapo niliacha kucheka. Lakini nilikuwa nimeshacheka sana.

Jana Kiranja alirudisha daftari. Amelitia jalada jipya na kuandika jina langu kwa herufi kubwa. Alisimama mwenyewe mbele ya darasa akakiri. Mwalimu ameniomba radhi, na muhula ujao nitawapigia watoto mimi. Kila nilichokitaka nimekipata, tena kwa siku moja.

Wakati wa kutoka Kiranja alinisubiri langoni. Hakulia. Alisema, "Nilikuibia, na nimesema mbele ya watu. Sasa niambie wewe. Siku ile nilipokuonyesha ubao, ulijua?"

Nikasema nina haraka, Mama ananisubiri. Mama hakuwa ananisubiri.

Mwalimu alitaka kumhamisha dawati, yeye akaomba abaki. Leo tumekaa kiwiko kwa kiwiko tangu asubuhi, na hajauliza tena. Anangoja tu. Shangazi, bado namchukia, lakini si kama zamani, na nadhani bado tunaweza kupatana. Nimeamua kumwambia kwamba nilijua. Kuna moja tu linanishinda, na naomba unijibu kwa posta ya kwanza: je, nimwambie pia kwamba nilifurahi?

Mtoto wa kaka yako