Barakoa ya Wavu wa Dagaa

Abuu, rafiki yako Masanja, yaani mimi, amejifedhehesha.

Mkutano wa soko la Kiseke, wazee wanabishana kama barakoa ziwe lazima. Masanja akasimama, wavu wa dagaa umefungwa usoni: "Waheshimiwa, nimetii!" Mwenyekiti alicheka hadi machozi. Kura zikapigwa watu bado wanacheka. Barakoa zikakataliwa.

Zikakataliwa, Abuu!

Nje akamkuta Bibi Bernadeta, muuza nyanya mwenye kifua kibovu, anafunga meza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetuchekesha. Mimi sokoni sirudi tena, kifua hiki nakijua."

Hakukasirika! Alivuta barakoa yake vizuri, akampa nyanya zote zilizobaki.

"Mpelekee mama yako, kwangu zitaoza."

Sasa mama anauliza zimetoka wapi. Masanja bado amesimama mlangoni.