Udongo Ulioteremka kwa Mama Zuhura

Morogoro, Novemba, mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke Kagunga.

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua.

Umeuliza kwa nini huko kwetu Kagunga udongo wa bondeni una rutuba kuliko wa mlimani. Wakati wa kiangazi miti huangusha majani. Mvua za kwanza huyaozesha, na mizizi huizuia rutuba isiteremke. Baba yangu alifyeka miti yote ya mteremko wetu, akachoma majani. Mvua ikasomba majivu na udongo hadi shambani kwa Mama Zuhura, jirani yetu wa bondeni.

Miaka miwili baadaye mahindi yetu yalikuwa membamba kama vidole. Mama Zuhura akapanda mlima kuja kwetu na beseni limejaa mahindi.

“Baba Elia, pokea. Shamba lako limehamia kwangu, na wala sikulialika!” alisema akicheka.

Baba hakucheka. Alituambia tule, kisha akatoka nje. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mteremko ule sasa ni wangu, nao ni mawe matupu. Watoto wa Mama Zuhura hunialika kila mavuno. Najua watanipa beseni. Sitarudi Kagunga.